Michael Shea Aliyehukumiwa Clonmel

Kila Alhamisi Noelene Crombie alifika saa nne kasoro asubuhi, kabla yetu sote. Aliwasha hita, akajaza maji kwenye birika, kisha akaketi kwenye kiti cha pili kutoka dirishani. Kiti hicho kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Alikuwa na kipande cha kadibodi alichokikunja mara nne, akakiweka chini ya mguu huo, na wakati wa kuondoka akakirudisha mkobani. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Chumba chetu cha kutafutia nasaba kiko nyuma ya ukumbi wa zamani hapa Boorowa, Australia, na siku ya Alhamisi huwa na watu watano, sita mvua ikinyesha.

Alizaliwa Noelene Shea mwaka 1947, kwenye shamba la kukodi ng'ambo ya mto. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano. Aliolewa na Keith Crombie, mkata manyoya ya kondoo, na kwa kuwa vikosi vya wakata manyoya havikai mahali pamoja, naye akaamua kufuatana navyo kama mpishi. Aliamka saa kumi alfajiri. Nyama ya kondoo mara tatu kwa siku, keki mbili za mapumziko, chai ya ndoo nzima, na wanaume kumi na wawili ambao mgongo ukiwauma walilaumu chakula. Alipika miaka kumi na tisa. Mikono yake haikuwahi kupoteza ule wekundu wa maji ya moto, na alipokuwa akifungua daftari la karatasi nyembamba za zamani aliitazama kwanza, kama mtu anayehakikisha kwamba haina mafuta.

Mtoto wao alikuwa mmoja, Darren. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 2001, kwenye barabara ya Yass, akiwa na miaka ishirini na minne. Keith alimfuata miaka miwili baadaye. Noelene hakuwa na ndugu wa tumbo moja, na wazazi wake walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani. Siku moja alipokuwa akiosha vikombe aliniambia kwamba yeye ndiye wa mwisho kwenye foleni yao, akaendelea kuosha.

Bibi yake alikuwa akisema kwamba Shea wa kwanza alikuja nchi hii "na kondoo". Ukimuuliza zaidi, alikutuma kupasua kuni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa familia nyingi za hapa. Kisha ukafika mwaka 1988, nchi ikasherehekea miaka mia mbili tangu meli za kwanza za wafungwa, na ghafla jambo lililofichwa kwa vizazi vinne likawa la kujivunia. Watu wakapanga foleni kutafuta mfungwa wao. Noelene naye aliandika barua Sydney, akaletewa nakala ya mstari mmoja kutoka kwenye orodha ya meli: Michael Shea, miaka ishirini na mmoja, kibarua, amehukumiwa Clonmel, kaunti ya Tipperary, Oktoba 1822, miaka saba.

Mahali alipozaliwa hapakuandikwa. Orodha za miaka ile hazikuwa na safu hiyo. Kosa lake lilikuwa dogo hata kulieleza ni tabu. Ireland ilikuwa chini ya amri ya kutotoka usiku, na mtu aliyekutwa nje ya nyumba yake baada ya jua kuchwa aliweza kupelekwa ng'ambo miaka saba. Michael alikutwa.

Clonmel iko Tipperary, na hapa Boorowa nusu ya mawe ya makaburi yameandikwa Tipperary. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kadi yake niliiandika mimi kwa mkono wangu, nikajaza kwenye nafasi ya asili: Tipperary. Mwaka uliofuata Noelene akampata, kwenye filamu ya mashine yenye picha za madaftari ya ubatizo, Michael mwana wa Patrick Shea wa kitongoji cha Ballycurra, Tipperary, aliyebatizwa 1801. Umri ulilingana. Hapakuwa na Michael Shea mwingine wa umri huo katika parokia zote kumi na moja alizozipitia, na kuzipitia kulimchukua majira mawili ya baridi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililokataa kukaa vizuri. Watu hao walikuwa na desturi: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Waliifuata hata wakiwa mwisho wa dunia. Michael alioa hapa mwaka 1832, na mwanawe wa kwanza, aliyezaliwa mwishoni mwa 1834, akaitwa Cornelius. Wa pili John, kama baba wa mkewe. Patrick hakuwepo kabisa.

Noelene aliihesabu ile nafasi kati ya ndoa na Cornelius. Miaka miwili na nusu. Akaandika kwa penseli kwenye chati yake: Patrick, alikufa mchanga. Sisi sote tumefanya hivyo, kila anayekaa kwenye viti vile. Unaona tundu, unalizibia mtoto. Baada ya miaka minne alinakili chati ile upya kwa wino, na Patrick akaingia kwenye wino pamoja na wengine.

Mwaka 1993 aliandika barua kwa padri wa Ballycurra. Padri akampa barua hiyo Christy Shea, mkulima asiyeoa, wa mwisho wa nyumba ile. Christy alijibu kwa kurasa mbili. Alisema kwao ilijulikana kwamba kulikuwa na Michael aliyepotea, ndugu wa babu wa babu yake, ila hakuna aliyejua alipotelea wapi. Barua ilianza na neno "binamu", na tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine.

Walikwenda kumwona mwaka 1999, yeye na Keith, majuma mawili. Christy aliwapokea kituo cha mabasi akiwa amevaa suti ya kanisani na viatu vya zizini. Jumapili aliwapitisha kanisa zima, benchi kwa benchi, akimwambia kila mtu kwamba yule wao aliyechukuliwa, huyu ndiye aliyerudi. Noelene alikwenda kulia kwenye zizi la ng'ombe ili asionekane. Ndani ya ndege ya kurudi, Keith, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwambia, "Sasa una watu."

Keith alipofariki, Christy alianza kupiga simu. Kila Jumapili, saa moja jioni kwetu, saa nne asubuhi kwao, akiwa ametoka misa ya kwanza. Alizungumza habari za ng'ombe, mvua, padri mpya asiyejua kuimba. Noelene aliketi karibu na jiko la kuni na kumsikiliza. Kuna wakati mtu fulani alimshauri Noelene kwamba siku hizi undugu unapimwa kwa mate, unatuma kichupa kwa posta. Christy alikataa. Alisema mate yake yatabaki kinywani mwake.

Pasaka ya mwaka 2014 Christy aliandika kwamba ameamua. Ana miaka themanini na minne, na jiwe la kaburi la familia lina nafasi chini ya jina la Patrick. Mchonga mawe atakuja wiki ya mwisho ya Juni, aandike: na mwanawe Michael, aliyefia New South Wales. Alitaka iwe tayari kabla ya Jumapili ya Makaburi, siku moja ya Julai ambapo parokia nzima husimama, kila familia kwenye kaburi lake, padri akipita kuyabariki. Alitaka majirani wasome.

Noelene alituletea barua hiyo tuisome. Aliileta ndani ya mfuko wa plastiki ili isikunjike. Ndiyo siku pekee niliyomwona akila skonzi mbili.

Mwishoni mwa Mei, Alhamisi ya tarehe 22, Bernard Tuohy alikuwa kwenye kompyuta. Bernard ni dalali wa mifugo mstaafu, mtu wa sauti ya mnadani hata akinong'ona. Alikuwa akimtafutia mama mmoja wa Cowra watu wake wa kaunti ya Kerry, Ireland, ndani ya barua za kuombea wafungwa huruma. Barua hizo zilipangwa kwa mahali alipokaa mwombaji. Mfungwa alihukumiwa wapi haikuhesabiwa. Kwa hiyo mtu aliyehukumiwa Tipperary, kama baba yake alikaa Kerry, alilala chini ya Kerry, na anayemtafuta Tipperary angeweza kutafuta mpaka uzee.

Bernard aliisoma barua moja mara mbili. Kisha akamwita Noelene, na alimwita bila utani.

Barua ilikuwa ya Cornelius Shea wa Coomavanny, milimani Kerry, mwendo wa siku nne kwa miguu kutoka Clonmel. Aliandikiwa na padri na kutia alama ya msalaba. Alisema kwamba mwanawe Michael, wa miaka ishirini na mmoja, aliondoka nyumbani Septemba kwenda Tipperary kuchimba viazi vya watu, kama alivyofanya kila mwaka tangu akiwa na miaka kumi na mitano, kwa sababu viazi vya kwao vilikuwa vimeoza. Kwamba alikamatwa akilala ghalani kwa mwajiri wake. Kwamba alipoulizwa mahakamani kwa nini hayupo nyumbani kwake baada ya jua kuchwa, hakuweza kujibu kwa Kiingereza. Kwamba ni mwema, na mama yake haoni vizuri. Jina la meli lilikuwa lile lile, mwezi wa hukumu ule ule. Nyuma ya karatasi mtu wa ofisini alikuwa ameandika: hapana la kufanya.

Noelene aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena akiwa ameketi. Bernard alianza kusema kwamba huenda kulikuwa na akina Michael Shea wawili kwenye meli moja, akaishia katikati, maana orodha ya meli sote tulikuwa tunaijua kwa moyo.

"Kosa lake lilikuwa ni kutokuwa kwao," Noelene alisema. "Limeandikwa pale siku zote. Mtu kafungwa kwa kuwa hakuwa kwao, na mimi nimemfanya mwenyeji wa pale pale."

Alichomoa kadibodi yake, akaiweka mkobani, akaondoka saa sita mchana bila kuosha vikombe. Niliviosha mimi.

Wiki iliyofuata alikuja kama kawaida na kutuomba tusiseme kwa mtu. Bernard alimwambia waziwazi kwamba naye anyamaze. Jiwe liko upande wa pili wa dunia, alisema, mzee yule ana miaka themanini na minne, na maiti hawasomi. "Nani ataumia, mama wee? Wewe una binamu, yeye ana binamu. Ng'ombe wawili wakilala zizi moja wanauliza nasaba?"

Noelene alisema ng'ombe hawachongewi mawe. Hilo lilimaliza mazungumzo. Lakini Jumapili ya kwanza hakumwambia Christy, wala ya pili, wala ya tatu, wala ya nne. Aliniambia baadaye kwamba kila simu ilipolia alikuwa na sentensi ya kwanza tayari, na kila mara Christy alianza na ng'ombe, na yeye akaona amwache amalize ng'ombe kwanza. Kisha likaja neno "haya, binamu, Mungu akulinde", na simu ikakatika.

Sikumshauri. Nilijua alichokuwa akikipima. Kwa upande mmoja lilikuwepo jina la uongo juu ya jiwe, na yeye ni mtu ambaye hawezi kuacha tarehe moja bila kuithibitisha mara mbili. Kwa upande wa pili alikuwepo mtu mmoja tu aliye hai aliyemwita ndugu.

Katika wiki hizo aliandika Kerry. Ofisi ya parokia ilimjibu kwa barua pepe fupi, ya adabu. Coomavanny ipo kwenye ramani. Mwenyeji wa mwisho aliondoka kabla ya 1860. Sasa ni msitu wa misonobari ya mbao, na kuta za nyumba, kama zipo, ziko chini ya miti. Akina Shea wa upande ule ni wengi na hakuna anayejua ni akina nani. Alichapisha barua pepe hiyo, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili. Aliniambia kwamba angependa angalau kuwe na mtu mmoja mbaya wa kumfokea.

Jumapili ya tarehe 22 Juni aliniomba niende nikae naye. Kulikuwa na jalidi tangu asubuhi, na jiko lake la kuni lilikuwa limewaka sana. Alikuwa amepika mchuzi wa kondoo ambao hatukuugusa. Saa moja kamili simu ililia, akaiweka mezani kwenye spika, karatasi mbele yake.

Christy alianza na ng'ombe. Mmoja alikuwa amezaa mapacha, mmoja wa mapacha hataki kunyonya. Akaja kwa padri. Akaja kwa mvua. Kisha akasema, "Sasa, binamu, mchonga mawe anakuja Jumanne. Anauliza tuandike Michael, au tuandike Mick. Mimi nasema Michael. Kwenye jiwe mtu awe na jina lake zima."

"Asiandike kitu, Christy," alisema Noelene.

Alimsomea barua ya Cornelius yote, polepole, kama alivyokuwa akitusomea sisi nyaraka ngumu, akitaja hata mahali ambapo karatasi imechanika.

"Baba yake ni Cornelius," alisema Christy.

"Cornelius."

"Sisi hatujapata kuwa na Cornelius."

"Najua."

"Na ulikuwa na yule mtoto. Patrick mdogo, aliyekufa."

"Hakuwepo. Nilimweka mimi."

Christy akamuuliza amelijua hili tangu lini. Noelene alisema wiki nne.

"Kwa hiyo Jumapili nne unanisikiliza habari za ng'ombe, na hili umelikalia."

"Ndiyo."

"Haya," alisema Christy. "Ahsante kwa kuniambia, Bi Crombie."

Simu ikakatika. Noelene alibaki akiitazama. Miaka ishirini na mmoja, na sikuwahi kumsikia mzee yule akilitumia jina la ukoo la Keith kumwitia. Niliinuka nikapakua mchuzi kwa kuwa sikujua la kufanya kingine. Alikula kijiko kimoja, akasema chumvi imezidi, na haikuwa imezidi.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala iliyofuata hiyo.

Akaanza kumwondoa Patrick. Kazi hiyo hatukujua ukubwa wake mpaka alipoanza. Chati yake ilikuwa imenakiliwa na watu mitandaoni kwa miaka mingi, na kila aliyenakili alinakiliwa na mwingine. Patrick Shea aliyekufa mchanga alikuwa kwenye nasaba arobaini na moja. Mtu mmoja wa Queensland alikuwa amempa siku ya kuzaliwa. Mwingine alimpa ugonjwa, kifaduro. Noelene aliwaandikia wote arobaini na mmoja barua ile ile, kwamba kosa ni lake na anaomba msamaha. Tisa walijibu. Mwanamke mmoja wa Perth alimjibu kwamba hana moyo, kwamba yeye na wanawe humwombea mtoto huyo kila Novemba, na hatamfuta kwa sababu ya karatasi.

"Ana haki," Noelene aliniambia. "Hata mimi nimempelekea maua."

Kumbe ni kweli. Kwenye makaburi ya zamani, karibu na uzio, kuna sehemu ya watoto wachanga wasio na mawe, na kwa miaka mingi, kila Mei, alikuwa akiacha maua pale kwa ajili ya Patrick. Darren ana kaburi lake na jiwe lake upande mwingine. Alisema alianza na Patrick kabla Darren hajafa, na Darren alipokufa hakuona sababu ya kuacha.

Alikonda kidogo. Bernard alimletea mguu wa kondoo na kuuacha mlangoni bila kubisha, na Alhamisi iliyofuata akakana kwamba ni yeye.

Katikati ya Julai, siku ya Jumatatu jioni, alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kubeba kitu kizito na bado hajakaa. Christy alikuwa amempigia muda uleule, si siku yake wala saa yake. Alinieleza yote, na nimeyaandika kama alivyoyasema.

Jana yake ilikuwa Jumapili ya Makaburi. Christy alisimama kwenye kaburi lao. Jiwe lilikuwa tupu chini ya Patrick. Mchonga mawe alikuja na kurudishwa. Majirani, ambao tangu Pasaka walikuwa wamesikia habari za jina jipya, walikuja mmoja mmoja kuliangalia. Wakamuuliza jina liko wapi. Akasema bado. Wakauliza kwani yule wa Australia amekuwaje. Akainama kung'oa magugu. Padri alipofika na maji ya baraka akasoma majina ya waliomo kaburini, na Christy alisikiliza jina la Michael likiwa halimo.

Ndipo alipompigia. Hakuanza na ng'ombe.

Alisema yule Michael wao, aliyebatizwa 1801, yumo kwenye daftari la ubatizo, na Noelene mwenyewe ndiye aliyempata. Hayumo kwenye ndoa yoyote ya parokia. Hayumo kwenye mazishi. Kabla ya barua ya mwaka 1993 walikuwa wamezoea kwamba amepotea. Familia nzima ilikuwa imezoea, vizazi vinne. Kisha akaja yeye, akawaambia yuko wapi. Akawaambia alikuwa na kondoo, na mke, na watoto saba, na alikufa kitandani akiwa na miaka sabini. Miaka ishirini na mmoja Christy amelala akijua hayo.

"Basi wetu alikwenda wapi?" alisema. "Ulitupa mtu, sasa umemchukua. Mimi sikukuomba uniletee. Lakini uliniletea. Mtafute sasa."

Noelene alimwambia amechoka. Alimwambia hivyo hivyo, bila kupamba, kwamba ana miaka sitini na saba na macho yake yanauma kwenye ile mashine, na kwamba amemtafuta mtu mmoja kwa miaka ishirini na sita na alikuwa siye.

"Na mimi unadhani nimepumzika?" Christy alisema.

Akamuuliza kama atampigia Jumapili. Christy alisema bila shaka atampigia, atajuaje vinginevyo kama kuna lililopatikana. Kisha akamwambia yule pacha sasa ananyonya, akakata simu. Hakumwita binamu. Hakumwita Bi Crombie pia. Alimwita Noelene, na mpaka leo ndivyo anavyomwita.

Alhamisi hiyo alifika saa nne kasoro. Alikuwa na faili jipya, la rangi ya kijani, lisilo na kitu ndani isipokuwa nakala ya ubatizo wa 1801. Aliniomba kadi tupu. Kwenye nafasi ya asili aliandika Ballycurra, kwa penseli. Nafasi zilizobaki aliziacha wazi, zote, akaiweka kadi hiyo mbele yake.

Bernard aligeuza kiti chake. "Huyu si wako hata kidogo, bibi wewe."

"Najua."

"Anaweza kuwa popote. Uingereza, Amerika, baharini, jeshini. Anaweza kuwa shimoni nyuma ya nyumba yao wenyewe."

Noelene alisema hilo la shimoni ataliangalia mwisho. Watu wa upande ule, alisema, miaka ile walikuwa wakienda kisiwa cha Newfoundland, upande wa Amerika, kuvua samaki, wakipandia meli bandari ya Waterford, na wengi hawakurudi. Angeanza huko. Alimwomba Bernard amtafutie orodha za abiria na za mazishi za kisiwa hicho, kuanzia 1815.

Bernard alinung'unika kwamba kisiwa kile kina akina Shea kuliko samaki. Lakini alitafuta, na baada ya nusu saa mashine ya kuchapisha ikaanza kutoa kurasa. Noelene alizikusanya moja moja, akazilinganisha kingo, akavaa miwani. Kwenye ukurasa wa kwanza walikuwepo akina Michael Shea saba. Aliufikicha uso kwa viganja vyake, akachukua penseli, akaweka alama ndogo kando ya wa kwanza.